Je, mwanafunzi wa chuo anaweza kutumia Wikipedia kama rejea katika kazi ya kitaaluma?

MwanaMatumbi (mleta mada)

Wanajamvi, habari za wakati huu, na shikamooni wote mlionitangulia kwa umri na kwa elimu.

Ninasoma shahada ya kwanza ya historia, niko mwaka wa pili, na kwa sasa ninaandika kazi ya semina kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, hasa jinsi vita vile na njaa iliyofuata vilivyopunguza watu katika nchi ya Wamatumbi, Wangindo na Wangoni. Rasimu yangu ya kwanza imerudi ikiwa na mstari mwekundu chini ya kila mabano niliyoandika "Wikipedia", na pembeni kumeandikwa maneno matatu tu: "Hii si rejea." Uamuzi nimeupokea na rasimu ninaiandika upya. Ninachotafuta hapa ni sababu, kwa kuwa muda wa semina uliisha kabla sijapata nafasi ya kuuliza, na darasani tumegawanyika.

Wapo wenzangu wanaosema Wikipedia haifai kwa kuwa mtu yeyote mwenye simu anaweza kuingia na kuandika atakacho. Wengine wanajibu kwamba hoja hiyo imepitwa na wakati, kwamba makala zake za leo zina tanbihi nyingi kuliko vitabu vya kiada tulivyosomea sekondari, na kwamba kosa likiandikwa asubuhi hufutwa kabla ya jioni. Lipo pia suala la uwezo, ambalo naona wakubwa hulisahau. Kitabu ninachokihitaji kiko nakala moja maktabani na haitoki nje. Makala za majarida nikizifungua ninakuta zinadai malipo kwa dola. Bando la wiki linaisha siku ya tatu. Wikipedia inafunguka bure hata kwenye simu ndogo, haidai usajili, na maelezo yake yanaeleweka.

Kwa hiyo naomba kuuliza. Je, haifai kabisa, au kuna mahali inapofaa? Ikiwa ubaya wake ni kuwa wazi kwa kila mtu, je, ningenukuu ensaiklopidia ya kulipia kama Britannica ningekubaliwa? Na ile ya Kiswahili, ambayo mimi huisoma kwanza ili nielewe, ina hadhi gani?

MkutubiMkongwe

Marahaba, mwanangu. Nimehudumu katika maktaba ya chuo muda mrefu, na swali lako la Britannica ndilo linalofungua mengine yote, kwa hiyo nianze nalo.

Usingekubaliwa. Mhadhiri wako angeweza kuliandika kwa upole zaidi, lakini mstari mwekundu ungebaki palepale, kwa sababu jambo analolitazama ni umbali uliopo baina ya andiko na tukio. Barua ya ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Kilwa mwaka 1905, au simulizi ya mzee aliyeyaona mapigano kwa macho yake, ni chanzo cha msingi. Mwanahistoria aliyezisoma barua hizo, akawasikiliza wazee hao, akapima na kutoa hoja yake, huyo ni chanzo cha pili. Ensaiklopidia huja baada yao wote na kufupisha yale ambayo wanahistoria wameshayasema; ni chanzo cha tatu, iwe imeandikwa na maprofesa wanaolipwa au na watu wanaojitolea, iwe imechapishwa Edinburgh mwaka 1768 au imehaririwa jana usiku. Kazi ya chuo inakutaka uonyeshe kwamba umefika kwa hao wa kwanza na wa pili wewe mwenyewe, na ukinukuu muhtasari unakuwa umekiri kwamba hukufika.

Hata wenye Wikipedia wanasema hivyo. Mwaka 2006 Jimmy Wales, mmoja wa waanzilishi wake wawili, alizungumza katika mkutano kwenye Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, akaeleza kwamba hupokea barua pepe za wanafunzi wanaolalamika kufelishwa kwa sababu ya kuinukuu Wikipedia, na kwamba moyoni huwa upande wa walimu wao: mtu akishafika chuo kikuu hapaswi kunukuu ensaiklopidia. Kanuni za Wikipedia zenyewe zinawazuia waandishi wake kuweka utafiti mpya usiochapishwa kwingine, na zinawakataza kutumia makala moja ya Wikipedia kuwa ushahidi wa makala nyingine. Chombo ambacho chenyewe hakijikubali kuwa rejea hatuwezi kukilazimisha cheo hicho.

Hilo halina maana kwamba ni chombo kibovu, na hapa natofautiana na baadhi ya wenzangu wa rika langu. Desemba 2005 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya ulinganisho wake: lilichukua makala za sayansi kutoka Wikipedia na kutoka Britannica, likawapa wataalamu wazihakiki bila kuwaambia ipi imetoka wapi. Katika mada 42 zilizohakikiwa, wastani ulikuwa makosa takribani 4 kwa kila makala ya Wikipedia na takribani 3 kwa kila makala ya Britannica, na makosa mazito yalilingana, manne kwa manne. Britannica waliupinga vikali ulinganisho huo mwaka uliofuata. Nakushauri uukumbuke pamoja na mipaka yake: ulihusu sayansi na makala za Kiingereza peke yake, na hauwezi kukuambia lolote kuhusu ubora wa makala ya historia ya kusini mwa Tanzania.

Kuhusu uwezo, umesema kweli na inaniuma. Hata hivyo wanafunzi wengi wanadaiwa dola kwa makala ambazo chuo chao kimeshazilipia au kimepewa bure. Uko mpango uitwao Research4Life, ambao mzizi wake ni HINARI iliyoanzishwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji, na unavipa vyuo vya nchi zenye kipato kidogo majarida mengi bure au kwa ada ndogo. Kuingia kunahitaji nywila ya taasisi, na nywila hiyo iko mikononi mwa mkutubi. Nenda kaiulize dirishani, hakuna atakayekushangaa. AJOL (African Journals Online), iliyoanza mwaka 1998, imekusanya majarida ya Afrika mahali pamoja na mengi yanasomwa bila malipo. Na kwa mada yako, kama uko Dar es Salaam au unaweza kufika, ulizia sehemu ya East Africana, yaani mkusanyo wa maandiko ya Afrika Mashariki, katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ulizia matoleo ya zamani ya Tanganyika Notes and Records, jarida lililoanza mwaka 1936 na baadaye likabadili jina pamoja na nchi.

MwalimuWaHistoria

Ndugu mleta mada, mchangiaji aliyetangulia ameeleza kanuni vizuri. Mimi ninafundisha historia, ingawa si mimi niliyekurudishia rasimu, na napenda kukuonyesha kanuni hiyo inavyofanya kazi ndani ya mada yako mwenyewe, kwa sababu mada uliyoichagua ndiyo mfano bora ninaoujua.

Chukua idadi ya waliokufa. Makadirio ya upande wa utawala wa Kijerumani yalikuwa takribani watu 75,000. Gilbert Gwassa, mwanahistoria aliyetafiti vita hivi palepale vilipoanzia na kuwahoji wazee, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Namba ya pili ni zaidi ya mara tatu ya ya kwanza, na tofauti hiyo haiwezi kuwa kosa la uchapaji. Majeshi ya Gavana von Götzen yalichoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula, na wengi walikufa kwa njaa baada ya mapigano kukoma; kwa hiyo swali la nani ahesabiwe kuwa amekufa kwa vita, hadi mwaka gani, na katika wilaya zipi, ndilo linalozaa namba. Ensaiklopidia ikiwa makini itakuandikia "kati ya 75,000 na 300,000". Ikiwa si makini itachagua moja. Kwa namna yoyote ile, wewe ukiandika "watu 300,000 walikufa (Wikipedia)" unakuwa umeleta namba isiyo na mwenyewe. Msomaji wako hajui kama imetoka kwa gavana anayeutetea utawala wake au kwa mtafiti aliyekaa na wazee wa huko, na kazi yako yote ya semina, ambayo umeniambia inahusu kupungua kwa watu, imesimama juu ya namba hiyo.

Ukienda kwa Gwassa mwenyewe hali inabadilika. Unaweza kuuliza alikadiriaje, alitumia takwimu zipi za watu kabla ya vita, aliwahoji nani, na kama wengine waliomfuata wamekubaliana naye. Hapo ndipo unapoanza kufanya historia. Mwalimu anapodai rejea anadai mlango wa kupitia ili akamkague yule aliyesema.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa vijana wa leo walijue. Mwaka 1968 wanafunzi wa shahada ya kwanza wa chuo kilichokuwa wakati huo Dar es Salaam, vijana wa umri wako, walikwenda vijijini katika mradi wa utafiti wa Maji Maji wakakusanya masimulizi ya wazee, mengine kwa lugha za huko. Sehemu kubwa ya tunachokijua leo kuhusu Kinjekitile Ngwale, yule mganga wa Ngarambe, kuhusu maji ya dawa aliyowapa watu, kuhusu sababu za watu kukataa kulima pamba ya serikali, imepitia katika kazi ya aina hiyo. Wasingekuwa wamekwenda, ensaiklopidia ya leo ingekuwa na nini cha kufupisha isipokuwa taarifa za maofisa wa Kijerumani? Mwanafunzi wa historia wa Kitanzania anayeishia kwenye muhtasari wa mtandaoni anapokea, bila kujua, sauti ya yule aliyewahi kuandika na kuchapisha, na kwa vita hivi aliyetangulia kuandika ni mshindi.

Kuhusu marufuku: mwaka 2007 idara ya historia ya Chuo cha Middlebury, jimbo la Vermont huko Marekani, ilipitisha uamuzi ambao ulizungumzwa sana. Wanafunzi kadhaa wa somo la historia ya Japani walikuwa wameandika katika mtihani kwamba Wajesuiti, watawa wa Kikatoliki, walisaidia uasi wa Shimabara wa 1637 na 1638, jambo lisilo na ushahidi, na mwalimu alipofuatilia akakuta limetoka Wikipedia. Idara ikaamua kwamba wanafunzi wasiinukuu Wikipedia na kwamba wao wenyewe wanawajibika kwa usahihi wa wanachoandika. Kuisoma haikukatazwa. Nami huo ndio msimamo wangu darasani. Wapo walimu wanaowaambia wanafunzi wasiifungue kabisa, na matokeo yake wanaifungua kwa siri, wananakili, kisha wanafuta jina. Hilo ni baya zaidi kuliko kuinukuu waziwazi, maana aliyeinukuu ameniambia ukweli kuhusu alikotoa habari zake.

MkungaMtarajiwa

Salaam kwenu. Niko katika masomo ya ukunga, na kwetu suala hili huamuliwa kwa haraka zaidi. Kipimo cha dawa hakichukuliwi kutoka ensaiklopidia yoyote, hata kama imeandikwa sahihi, kwa kuwa mwongozo wa tiba wa Wizara ya Afya hubadilika na mgonjwa hawezi kusubiri mtu aje kurekebisha ukurasa. Ila napoanza mada mpya, kwa mfano kifafa cha mimba, husoma makala ya Wikipedia ili nizijue istilahi na nijue nitafute nini katika miongozo na majarida. Mwalimu wetu anajua na hajawahi kutukataza.

MhaririWaKujitolea

Ndugu wanajamvi, nimekuwa mhariri wa kujitolea katika Wikipedia ya Kiswahili kwa muda sasa, naandika kutoka Mombasa, na swali la tatu la mleta mada limenigusa kwa kuwa halijajibiwa.

Niseme wazi kama mtu anayeipenda kazi hii: katika kazi ya chuo, ile ya Kiswahili inahitaji uangalifu mkubwa kuliko ile ya Kiingereza. Ilianza mwaka 2003, miaka miwili baada ya ile ya Kiingereza iliyofunguliwa tarehe 15 Januari 2001. Ya Kiingereza imevuka makala milioni 6 na kosa likitokea katika makala inayosomwa sana kuna macho mengi ya kuliona. Sisi ni wachache, na makala inaweza kukaa miaka bila mtu wa pili kuisoma kwa makini. Chini ya makala zetu nyingi utakuta tangazo kwamba makala hiyo bado ni mbegu, yaani fupi na inayosubiri mtu wa kuiongezea. Tangazo hilo tumeliweka kwa ukweli kabisa, na msomaji alichukulie kwa uzito. Aidha makala zetu nyingi zimetafsiriwa kutoka Kiingereza. Mwishoni mwa 2009 Google iliandaa shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, na wengi waliingia kwa njia ya kutafsiri. Juhudi hizo zilikuza idadi na nazishukuru, lakini kwa vipimo vya mkutubi wetu hapo juu, tafsiri ya muhtasari imesogea hatua moja zaidi mbali na tukio, na pale mfasiri alipoteleza hutaona alama yoyote.

Hatari ya lugha zenye wahariri wachache imeshaonekana kwa wengine. Mwaka 2020 iligundulika kwamba sehemu kubwa ya Wikipedia ya Kiskoti, maelfu ya makala, iliandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyeijua lugha hiyo, na kwa miaka hakuna aliyemsimamisha. Lakini hata kubwa hazikusalimika. Mwaka 2022 katika Wikipedia ya Kichina ziligundulika makala zaidi ya 200 za mtu mmoja aliyekuwa akitunga historia ya Urusi ya zamani, pamoja na mgodi wa fedha ambao haukuwahi kuwapo.

Na kwa wale wanaosema tanbihi nyingi zinatosha, naomba mkumbuke makala ya Kiingereza iliyoitwa mgogoro wa Bicholim. Ilieleza vita baina ya Wareno na dola ya Wamaratha huko Goa, India, mwaka 1640 na 1641. Ilikaa kuanzia Julai 2007 hadi Desemba 2012, ikapewa hata alama ya makala nzuri, na ilikuwa na tanbihi. Vita hivyo havikutokea, na vitabu vilivyotajwa havikuwapo. Aliyeigundua ni mhariri aliyefanya jambo ambalo wengine hawakulifanya: alivitafuta vile vitabu.

Kwa hiyo mleta mada, unapofungua makala usiishie kusoma maandishi. Juu ya ukurasa kuna sehemu ya historia. Bofya, utaona kila badiliko, tarehe na saa yake, jina la aliyelifanya (au, kwa mabadiliko ya zamani ya wasiojisajili, anwani ya mtandao), na ukubwa wa maandishi aliyoongeza au kupunguza. Ukiona aya nzima inayohusu idadi ya vifo imeingizwa na mtu asiye na jina, kwa mkupuo mmoja, bila tanbihi, na tangu hapo hakuna aliyeigusa, umeshapata habari muhimu kuhusu aya hiyo. Kando yake kuna ukurasa wa majadiliano, ambao wanafunzi karibu wote hawaufungui. Humo wahariri hubishana kuhusu namba, majina na maneno ya kutumia, kwa mfano iitwe "vita" au "uasi", na mara nyingi ubishi wenyewe unakuonyesha vitabu ambavyo makala haikuvitaja. Halafu linganisha lugha. Kwa Maji Maji fungua pia ya Kijerumani, hata kwa msaada wa programu ya kutafsiri, uone imetaja hati zipi.

Alilosema MwalimuWaHistoria kuhusu masimulizi ya wazee nalo linatuumiza sisi ndani. Kanuni ya Wikipedia inataka kila jambo liwe limechapishwa mahali panapoaminika, na kanuni hiyo inalinda dhidi ya uzushi, ila inamwacha nje bibi wa kijiji cha Nandete, Umatumbini, anayejua jina la kila pango walimojificha watu. Mwaka 2011 kulifanyika jaribio nchini India na Afrika Kusini la kurekodi masimulizi ya mdomo ili yatumike kama ushahidi katika makala, na mjadala uliofuata haujaisha. Hadi leo suluhisho linalotegemewa zaidi ni watafiti wa nyumbani kuchapisha, na ndiyo maana nakuomba, ukimaliza semina yako ukiwa umesoma vyanzo halisi, urudi uiongezee makala yetu ya Kiswahili aya mbili zenye tanbihi zinazofunguka. Kazi hiyo haitakupa alama darasani, lakini mwanafunzi wa kidato cha tatu atakayeifungua mwakani atakutana na kitu kilichopimwa.

MwanaMatumbi (mleta mada)

Nawashukuru sana wakubwa zangu. Sasa naielewa ile alama nyekundu, na kesho nitaanza na dirisha la mkutubi.

Limebaki jambo moja ambalo nadhani litawafika wengi. Nimefuata tanbihi kama mlivyoelekeza. Baadhi zimenipeleka kwenye makala ninazoweza kuzisoma. Nyingine zinataja vitabu vya zamani ambavyo sivipati, na kimoja ni cha Kijerumani. Darasani wengi wanachofanya ni kunakili tanbihi hiyo kama ilivyo, kitabu, mwaka na ukurasa, wakaiweka katika orodha yao ya marejeo na kuiacha Wikipedia bila kutajwa. Mhadhiri hawezi kujua. Je, hilo linakubalika, kwa kuwa chanzo chenyewe ni cha kweli?

Na mwenzangu wa isimu anaandika kuhusu jinsi Wikipedia ya Kiswahili inavyounda istilahi. Yeye atainukuu vipi kama inakatazwa?

MwalimuWaHistoria

Halikubaliki, na kwa macho yangu ni kosa zito kuliko lile la rasimu yako ya kwanza. Orodha ya marejeo ni tamko lako kwamba umekishika kitabu hicho na ukurasa huo umeuona. Mfano wa Bicholim ulioelezwa hapo juu ungeweza kukuweka katika hali ya kunukuu kitabu kisicho duniani, kwa jina lako. Na siku hizi programu za akili mnemba nazo hutunga marejeo yenye sura ya ukweli kabisa, mwandishi, jarida na kurasa, ndiyo maana wengi wetu tumeanza kumwita mwanafunzi na kumwomba atuonyeshe alichokisoma. Usidhani kwamba mhadhiri hawezi kujua.

MkutubiMkongwe

Naunga mkono, na nikupe njia za halali. Kama kitabu hukipati lakini umesoma mwanahistoria mwingine anayekinukuu, andika kwamba fulani amenukuliwa na fulani, na katika orodha ya marejeo weka kile tu ulichokisoma. Kwa von Götzen, kwa mfano, wapo waandishi wa Kiingereza na wa Kiswahili waliomchambua, na utaweza kumfikia kupitia kwao bila kudanganya. Tumia njia hiyo mara chache, kwa vitabu visivyopatikana kweli. Kabla ya kukata tamaa tafuta kwenye Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni, kwa kuwa vitabu vilivyochapishwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kwa sehemu kubwa vimeshatoka katika hakimiliki na vingi vimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Mwombe pia mkutubi wako akuulizie maktaba nyingine. Tunaandikiana, na sura moja iliyopigwa picha mara nyingi hufika kwa barua pepe.

Mwenzako wa isimu yuko katika hali tofauti kabisa. Kwake Wikipedia ndicho kitu kinachochunguzwa, kwa hiyo imekuwa chanzo cha msingi na ni lazima ainukuu. Tahadhari yake ni kwamba ukurasa unabadilika. Asiweke kiungo cha kawaida. Afungue historia ya ukurasa, achague toleo alilolisoma, anakili kiungo cha kudumu cha toleo hilo, kisha aandike jina la makala, tarehe ya toleo na kiungo hicho. Mwongozo wa APA wa kuandika marejeo, toleo la saba, unaelekeza hivyohivyo kwa makala za Wikipedia. Mwambie afanye hivyo siku ileile anapokusanya data, kwa maana akisubiri hadi wiki ya kuwasilisha, istilahi aliyoichambua inaweza kuwa imeshabadilishwa na mhariri mwingine na atapata tabu kulitambua toleo alilokuwa akilisoma.